Pete Mbili ya René

Kisangani, ku Wagenia, tarehe 29 mwezi wa kenda 1964

Kwa mudogo yangu Sikujua, ku Yanonge.

Mudogo yangu, mutoto ya tumbo moja na mimi, pokea salamu ya mikono mbili. Umeamuka aje? Ile muguu ya kushoto yenye inakusumbua wakati ya mvua, iko aje? Na Germaine, bibi ya Édouard, mwenye anakusomea hii barua, iko muzima na watoto? Mimi, hata usiulize. Miaka yangu imepita makumi sita, na vijana hapa ku maporomoko wangali wanakuja kuniamukia mbele hawajagusa kamba. Wiki iliyopita nilipanda ku muti ya tatu ya mitego ya samaki, ile inasimama katikati ya maji kabisa, nikafunga kekele mupya, kamba ya pori, na hapana mutu mwenye alinishikia muguu. Waliniomba nishuke, eti nitavunjika. Niliwajibu kama nilipanda ile muti mbele baba zao hawajaota ndevu, na kama iko kitu ya kuvunjika pale, ni muti.

Bon. Sasa kaa chini, Germaine akae karibu, juu hii barua ni refu na dimanche, siku ya kanisa, iko karibu.

Sikujua, mutu mwenye unalaani jina yake kila asubui tangu miaka ine iko hapa Kisangani. Ninasema Lambert, ule guide ya milima ya Mutwanga, mwenye alimupandisha mutoto yako René ku mawe mwaka ya Indépendance, na hakurudi muzima. Iko mikononi ya Édouard.

Unajua kama tangu mwezi wa munane, siku wapiganaji wa-Simba walifukuza askari ya serikali mu muji, mutoto yako Édouard iko pamoja nao. Sasa wanamuita lieutenant. Iko na bunduki, iko na ngozi ya nyama ya pori ku kichwa, na anachunga dépôt ya zamani ya pamba kule ku port, mahali wanafungia watu. Juzi walikuwa wanaangalia carte ya watu njiani. Mutu moja akatoa yake, Édouard akasoma: Lambert, mutu ya Mutwanga, kazi yake guide. Alimuuliza neno moja tu, kama alimujua kijana moja jina yake René. Lambert hakukana. Alijibu kama alimujua, na kama ni juu ya ule kijana njo alikuja Kisangani.

Édouard alifika kwangu na jeep, anacheka kama mutu mwenye amekamata mamba na mikono tupu. Aliniambia, noko, ndugu ya mama yangu, nimemupata. Watu yake walitaka kumaliza maneno palepale njiani, lakini yeye alikataa. Alisema hii ni damu ya mama yake, na mama yake njo atakata hili neno. Kama unasema afe, dimanche asubui watamutosha inje, wamupige risasi. Kama unasema aende, atamuachilia. Lakini wakati alisema hii ya pili alitema mate chini. Aliniambia niandike mimi, juu ni mimi mukubwa ya jamaa na ni mimi nilikuwa kule ku milima. Amuri, mwenye anakuletea hii barua, anateremuka na pirogue leo. Atangoja kwako, atapanda na jibu yako, afike hapa samedi, siku moja mbele ya dimanche, jua haijaingia. Kama jibu haifike, Édouard anasema ataamua peke yake. Na wewe ulimuzaa, unajua namna anaamua.

Donc njo hii ninakuuliza: Lambert afe ao aende?

Usijibu sasa. Germaine, hata kama anapiga kelele, endelea kusoma. Usiruke hata mustari moja. Hii barua sikumupatia mwandishi wa ku marché, juu yeye angepaka maneno mafuta. Nimeandika na mukono yangu, siku mbili, na kama herufi ingine imelala, iamushe.

Utajiuliza juu ya nini Lambert alikuja Kisangani. Hata mimi nilijiuliza, nikaenda kumuuliza ku dépôt. Walinifungulia, juu mimi ni noko ya lieutenant. Nilimukuta amekaa chini, mikono imefungwa nyuma, amekonda, nywele ya kichwa imekuwa nyeupe na mutu ni kijana mbele yangu. Aliponiona alitaka kusimama juu ya heshima. Nilimuambia akae.

Aliniambia kama muuza samaki moja alimupelekea habari yako. Alisikia kama ku matanga ya René uliapa hautavua nguo nyeusi mupaka mutu mwenye aliachilia mutoto yako kuanguka akuje kupiga magoti ku mulango yako. Miaka ine alikuwa anaogopa. Walikuwa wamemufunga miezi munane gerezani, na alipotoka hakupata tena kazi ya guide, analima kahawa ya watu. Mwaka huu akasema, bon, niende. Alinunua pagne mbili nyeupe, nguo ya wewe kuvaa nyuma ya ile nyeusi, akapanda camion mwezi wa saba. Alikuwa anatafuta tu pirogue ya kufika Yanonge wakati vita ilimukatia njia. Alijificha kwa mutu ya kwao. Pagne yako walimunyanganya njiani.

Na sikia hii. Ule mutu anaamini kabisa kama yeye njo alimuua René. Aliniambia kila siku anahesabu tena zile pete mbili ya chuma ya kufunga René ku kamba, na kila siku anakuta alizifunga zote mbili, halafu anasema labda hapana, labda alisahau moja. Aliniuliza na sauti ya chini: Papa Alfani, wewe ulikuwa karibu naye kupita sisi wote, uliona nini?

Nilimujibu kama macho yangu ilikuwa na jua. Akaniambia merci, Papa. Merci, Sikujua. Nilitoka pale na hiyo merci ku shingo kama mufupa ya samaki.

Wacha nianzie mbali, juu bila hii hautasikia ingine.

Wewe ulinipa René na miaka yake sita, mwaka baba yake alikufa ku mto. Uliniambia nimufanye mwanaume. Nilimufanya! Vijana ya hapa walimucheka, eti yeye ni Mulokele ya Yanonge kama baba yake, mutoto ya maji yenye inalala. Nyuma ya miaka tatu walifunga kinywa. Nilimufundisha namna baba yetu alinifundisha mimi. Wewe unajua miti yetu: inasimama ndani ya matundu ya mawe, kekele inaifunga, na chini maji inanguruma. Siku moja kekele itakatika ao muti itacheza. Siku hiyo, mutu mwenye anakamata muti anakufa, juu wataanguka pamoja na muti itamuponda. Mutu mwenye anafungua mikono anapona. Unafungua, unajitupa nyuma, unaweka mikono ku kifua, maji inakupokea, na ndugu zako wanakuokota chini na pirogue.

Nilimufundisha hii na fimbo. Nilikuwa ninatingiza muti na yeye iko juu, bila kumuambia, na kama hakufungua mara moja, akitoka mu maji nilimupiga. Mupaka ikafika wakati mikono yake ilifungua mbele kichwa haijafikiri. Watu walikuwa wanatoka muji yote kuja kuangalia. Wazungu walimupiga picha. Nilikuwa ninasimama pembeni na kusema, ule ni kazi yangu.

Halafu mwaka wa sitini ikafika. Walisema Indépendance itakuwa tarehe makumi tatu mwezi wa sita, na kila mutu alitafuta namna yake ya kufurahi. Wengine ngoma, wengine mupira. Mwalimu Constant, ule mwembamba mwenye alikuwa anafundisha René kusoma, akapata mawazo yake. Alisema vijana munane ya Kisangani waende mupaka milima ya Ruwenzori, wapande ile njia ya chuma wazungu walijengea club yao, na kule juu wafunge drapeau mupya, bendera ya inchi. Mimi sikujua njia ya chuma ni kitu gani. Alinionyesha picha: ukuta ya mawe imesimama wima, na mu mawe wamepiga vyuma minene ya kukanyaga, moja juu ya ingine, na kando kamba ya chuma inafuata toka chini mupaka juu. Nilicheka. Nilimuambia hii ni ngazi ya wamama. Nilimuambia kama anatafuta mutu ya kufundisha vijana kusimama juu bila kutetemeka, asisumbue kichwa, Mungu alishamuweka hapa ku maporomoko.

Donc nikakuwa chef d'entraînement, mukubwa ya mazoezi. Constant aliandika hivyo mu cahier yake: chef d'entraînement, Papa Alfani. Ningali na ile karatasi.

Miezi ine tulitengeneza ile safari. Constant aliandikiana na Lambert, juu bila guide club haikuruhusu mutu, na Lambert alikuwa mutu mweusi ya kwanza walimupatia ile kazi. Kila barua yake ilikuja na masharti. Anataka jina na miaka na uzito ya kila mutu. Vijana wasipite munane. Viatu ya soli nguvu, hapana sapato ya dimanche. Tuliazima ya mupira. Blanketi mbili kila mutu, juu kule kuko baridi ya kuuma meno. Kupanda ni asubui, mbele mawingu haijashuka. Mvua ikinyesha, watu wote wanarudi, hapana mabishano. Constant alisomea vijana ile barua kama misa. Mimi nilikuwa ninakaa nyuma ninasukula meno na kijiti, ninauliza kama ule Lambert ni guide ya milima ao muchungaji ya watoto ya ndege.

Barua ya tatu ilikuja na paquet. Ndani kulikuwa mukanda moja ya kufunga ku kiuno, na kamba fupi mbili, na ku mwisho ya kila kamba pete ya chuma yenye mulango mudogo ya kufungua na kufunga. Lambert anaiita mousqueton. Alieleza: unafunga pete zote mbili ku ile kamba ya chuma, unapanda. Ukifika mahali kamba imepigwa ku jiwe, pete haiwezi kupita. Unafungua moja, unaipitisha upande ya juu, unaifunga. Halafu njo unafungua ya pili. Hata siku moja usifungue zote mbili pamoja. Vijana wazoeze hii wiki mbili, macho wazi na macho imefungwa, mupaka mikono ijue yenyewe.

Mimi nilifanya nini? Niliita vijana yote mu lupango, kiwanja ya nyumba yangu. Nilichukua ule mukanda nikafungia mbuzi, na pete mbili nikafunga ku mulango ya cuisine. Niliwaambia waangalie mupanda milima ya Lambert. Walicheka mupaka wengine wakakaa chini. René alicheka kupita wote, alikuwa anaamukia mbuzi, anamuita mon guide. Constant peke yake hakucheka. Alisema tumeweka sahihi, si mambo ya kuchezea. Nilimujibu kama yeye, na mikono yake ya chaki, tutamufunga kama mbuzi na tutamuvuta, asiogope.

Nikawafundisha namna yangu. Kila asubui ku miti. Wale wengine walikuwa watoto ya makarani na ya wa-commerçant ya muji, hawakufika mbali. Lakini René, ni kama kwake hakukuwa na chini. Pete sikugusa tena.

Tuliondoka tarehe makumi mbili. Siku ine mu camion, kupita Bafwasende na Mambasa. Ile samaki ya moshi ulitutumia ilimalizika Mambasa, vijana walinyonya mupaka vichwa. Njia yote watu walikuwa wanaita Indépendance, tunaitika, sauti ikaisha. Ku Mutwanga, Lambert alitungoja chini ya mawingu. Mutu mufupi, muguu imekunjika kidogo, anasema polepole kama mutu mwenye anahesabu mayai. Alitoa kila mutu mukono. Halafu aliuliza tulizoeza pete wiki ngapi. Constant aliangalia chini. Mimi nilijibu kama tumezoeza miezi ine, vitu yenye yeye hajaona.

Lambert alisema muzuri, tuone. Alifunga kamba katikati ya miti mbili, urefu ya mutu, akaomba René apite macho imefungwa. René alipapasa, akafungua moja, akafungua ingine. Lambert alimugusa ku bega na kumuambia: sasa umekufa. Watu wote walicheka. René mwenyewe alicheka. Mimi sikucheka. Mutu mufupi ya mashamba ya kahawa anamuambia mutoto yangu amekufa, na watu ya Mutwanga wamesimama wanaangalia!

Alisema tutabaki chini, tuzoeze, na hatutagusa mawe mupaka mikono ijue. Kama ni tarehe makumi tatu, muzuri. Kama ni nyuma, drapeau haina saa. Constant alikubali mara moja. Mimi niligombana. Nilisema drapeau ya tarehe mbili, nyuma ya Indépendance, ni nguo tu. Nilimuuliza Lambert kama anatumikia Congo ao club ya wazungu yake. Aliendelea kutengeneza kamba. Siku ine vijana walipita katikati ya ile miti mbili, pete moja, pete mbili, pete moja, pete mbili. René alikuwa anazoea polepole. Mimi nilikaa ku jiwe na kugeuza uso.

Tarehe makumi mbili na munane asubui, Lambert alisema tutapanda, lakini mupaka katikati tu, kujaribu. Yeye mbele, René nyuma yake, halafu mimi, halafu wengine na Constant. Alikagua pete ya kila mutu na mikono yake. Ya René aliivuta mara mbili.

Sasa, ile nilikuambia ku matanga unaijua kwa kichwa. Kama Lambert hakumufunga René muzuri, kama pete ilikuwa wazi, kama mutoto alikanyaga chuma yenye maji na hakukuwa kitu ya kumushika. Niliisema hivyo kwa polisi. Niliisema ku tribunal na mukono juu. Niliisema kwa Édouard. Niliisema kwako, na wewe umelala ku mikono yangu. Miaka ine sikujikwaa hata neno moja. Mu Kisangani yote hakuna mutu mwenye anajua kusema uongo kama mimi.

Germaine, hapa soma polepole.

René alikuwa amefungwa. Pete zote mbili. Tulipanda labda urefu ya miti yetu tatu, moja juu ya ingine. Lambert alikuwa amepita kona ya jiwe, hatukumuona tena, tulisikia tu viatu yake. René akafika mahali kamba imepigwa ku jiwe. Akaanza kufungua moja, kupitisha, kufunga. Polepole, namna Lambert alimuonyesha. Nyuma yangu vijana walikuwa wanangoja. Chini wamama ya Mutwanga walisimama, wanaweka mukono juu ya macho kutuangalia. Na mimi nilishikwa na haya, Sikujua. Mutoto yangu, mwenye anatembea juu ya maporomoko kama mutu mu barabara, sasa anapapasa kama kipofu mwenye anatafuta mulango ya choo. Nilimuita na Kigenya, lugha yenye Lambert hasikii, na wale watoto ya makarani hawasikii. Nilimuambia: Toa ile kamba ya mbuzi. Panda kama watu yako.

Aliniangalia chini. Aliniuliza: Noko, zote?

Nilimujibu: Zote.

Alifungua zote mbili. Alicheka. Akapanda mbio, vyuma tano, sita, saba, na muzuri, mudogo yangu, muzuri sana. Kama nilisema uongo juu ya ingine yote, juu ya hii sisemi. Hapana mutu alipanda vile tangu mawe iko mawe. Wamama chini wakapiga kigelegele. Na mimi nikapiga kelele, ule ni wangu!

Chuma ya munane ilicheza. Kidogo tu, kama jino ya muzee. Haikutoka ku jiwe, iko pale mupaka leo. Mutu yeyote ingine angeikamata na angepona, hata Constant na chaki yake. Lakini René alisikia kitu inacheza ndani ya mukono yake, na mikono yake ikafanya ile nilimufundisha na fimbo. Ikafungua. Alijitupa nyuma. Aliweka mikono ku kifua. Hakulia. Alipita karibu na mimi, ningeweza kumugusa, na niliona uso yake. Haikuwa na woga. Ilikuwa inangoja maji.

Njo vile mutoto yako alikufa. Hapana mukono ya Lambert pale. Ni neno yangu moja, na fimbo yangu ya miaka kumi na tatu.

Lambert alishuka mbio, akafika chini wakati moja na mimi. Aliangalia zile pete ku kiuno ya René, nzima zote mbili, hazikuvunjika. Hakuelewa bado. Angeuliza tu, ningesema, ninaamini ningesema. Lakini mimi nilimutangulia. Nilimuuliza na kelele, mbele ya watu, alimufungia aje mutoto yangu. Na yeye akaangalia mikono yake. Tangu ile saa ule mutu anaangalia mikono yake.

Tulimuteremusha mu njia ya camion tarehe makumi tatu. Watu na majani ya mitende walisimamisha camion, wanacheza, wanauliza juu ya nini sisi hatuimbe siku ya Indépendance. Mama moja alipanda nyuma kutupatia malafu, pombe ya mitende, akainua ile drapeau tulimufunika nayo René, akairudisha polepole, akashuka. Wakatufungulia njia. Tulipofika kwako uliniuliza kama drapeau ilifika juu, na nilikujibu ndiyo. Hiyo pia ni uongo. Haikufika.

Jana nilienda kwa Édouard kumuambia hii yote. Nilivaa kanzu yangu ya idi. Nilisimama mbele yake mu dépôt, nikafungua kinywa, na kitu yenye ilitoka ni habari ya namna nilipanda muti ya tatu wiki iliyopita. Watu yake walipiga mikono. Édouard aliwaambia, munaona, huyu noko yangu ni mwanaume. Nyuma yao, kupitia mulango, niliona miguu ya Lambert. Nilirudi nyumbani na kutafuta karatasi.

Usifikiri ninaandika juu nimekuwa mutu muzuri. Kama Lambert angebaki Mutwanga na kahawa yake, ningekufa na hii neno ndani, na ningekufa ninasifiwa. Lakini dimanche watamuua mutu mwenye alivuta pete ya mutoto yetu mara mbili, na ni mimi nitakuwa nimemuua, namna nilimuua wa kwanza. Wawili, hata mimi siwezi kubeba.

Alors, fanya hivi. Germaine aandike chini ya hii barua kama umesikia yote mupaka mwisho, na kama unasema Lambert aachiliwe, apewe pasi ya njia mupaka kwao. Weka kidole yako na wino. Barua yote irudi kwa Édouard na mukono ya Amuri, isibaki hata karatasi moja, juu bila kidole yako atasema muzee amekuwa na huruma ya wazee. Akisoma, atakuja kwangu na jeep. Nitakuwa nyumbani. Ninajua njia ya kutoka mu huu muji yenye wa-Simba yake hawajui, ya mto na ya pori, lakini sitaenda. Ile atafanya na mimi ni maneno yake na yako. Mimi siombe kitu. Kwa Lambert tu ninaomba.

Usalimie watoto ya Germaine. Usalimie jirani zako yote wa ku beach ya pirogue, hata wale hawanipende. Germaine, merci juu ya sauti yako, ninajua ilikuwa nzito. Ku kaburi ya René usinipelekee salamu.

Ninajua sasa unalia, na ninajua hautaki kusikia jina yangu, na Amuri amesimama ku mulango hajui ageukie wapi. Lakini yeye atapiga kasia kinyume ya maji, siku mbili kama mvua haimurudishe. Jibu kwanza, mudogo yangu. Nyuma ulie.

Ni mimi, mutoto ya mama yako,

Alfani wa Jafari